Fungueni Lango Ningali Hai

Sogeeni karibu, wanangu. Aldith, niongezee mto mgongoni, maana mtu hatoi wosia akiwa chali kama mende. Sauti yangu ndiyo hii mnayoisikia, haitaongezeka. Anayetaka kunisikia na aje hapa kitandani, na asiyetaka, Warin, wewe unayesimama dirishani na upanga kiunoni ndani ya chumba cha mgonjwa, naye na aje vilevile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami si mkuu wako kwa kofia ya uaskofu tu. Ni baba yako mdogo, niliyekumwagia maji ya ubatizo kichwani nawe ukanipiga teke la kifua.

Mnajua ni nani aliyeko ng'ambo ya mto. Fulk, mwandishi mkuu wa hazina ya mfalme, amefikia nyumba ya wageni ya watawa, yeye na askari wake na mikokoteni mitupu, na kila asubuhi hutuma mtu kuja kuniuliza hali. Jana aliniletea samaki, kwa kuwa ni Kwaresima. Msimtukane kwa hilo. Adabu ile nilimfundisha mimi: askofu akikaribia kufa, mtu wa mfalme afike mapema, aulize hali, atume zawadi ndogo, kisha angoje roho itoke, kwa maana vyombo vyote atakavyovikuta katika nyumba ya askofu aliyekufa ni vya mfalme. Ndiyo sheria ya nchi hii, na kazi hiyo nimeifanya mwenyewe miaka mingi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nami nimewaona ndugu wa maaskofu wakikimbia na vinara vya fedha chini ya kanzu na marehemu bado ana joto. Basi, Aldith, kama kuna kitu umekitumbukiza kisimani, kitoe. Fulk ataanza na kisima, kisha achimbue sakafu ya zizi, kisha ainue godoro hili, niwe juu yake nisiwe juu yake. Usicheke, mwanangu, ukicheka nami nacheka, na nikicheka nakohoa.

Beseni la fedha lipelekwe kwa watawa leo, mchana kweupe, lipite mbele ya macho ya Fulk, kwa sababu alichokitoa mtu aliye hai hakuna wa kukirudisha. Vitabu vivyo hivyo. Joho la manyoya ni lako, Aldith, na ulivae sasa hivi. Likiwa mwilini mwako ni lako, likiwa sandukuni ni la mfalme. Fundi mishumaa wa mjini ananidai nta ya Krismasi, mlipeni kabla hajaja kulia mlangoni, maana deni la maiti humwaibisha aliye hai. Mashamba, mabwawa ya samaki, vinu, vyote ni vya kanisa la Thornmere, visipite hata katika ndoto zenu. Kilicho changu kwa damu ni kimoja tu, fungu letu la kisima cha chumvi kule Wich pamoja na karai lake la madini ya risasi la kupikia chumvi na kibanda chake. Hilo tutalifikia. Kwanza nataka kusema juu ya ngome hii, kwa sababu Warin amepandisha mawe juu ya kuta, amevuta daraja, na amewatoa vijana wa kinamasi kwenye mitego yao ya samaki mikunga akawapa mikuki wasiyojua ncha yake iko wapi, na mama zao wamekuja kwangu wakilia, na Aldith ndiye aliyewapitisha kwa mlango wa jikoni. Usimtazame hivyo dada yako. Mimi ndiye niliyemwambia awapitishe.

Sikilizeni basi tulikotoka, maana nadhani Warin ameisikia habari hii kwa vinywa vya askari, na askari husimulia kile tu wanachoweza kukiimba.

Babu yenu alikuwa mpika chumvi. Nimekula chumvi nyingi, wanangu, na ya kwanza niliila kwenye moshi, nikilia, kwa maana kibanda cha kupikia kilikuwa hakina tundu la kutolea moshi ila mlango. Tulikuwa wavulana wawili. Thurstan, baba yenu, ndiye mkubwa, na karai lilikuwa lake kwa haki. Mimi nilikuwa mdogo, mwembamba, wa kukohoakohoa, na padre wetu, mzee Leofwin, alikuwa na mguu mbovu. Nikawa nambeba mgongoni kumpeleka kwa wagonjwa, naye kwa malipo akawa ananifundisha Kilatini sikioni njiani. Hivyo ndivyo nilivyosoma, kama punda anayesomewa na mzigo wake. Siku baba alipotaka kunirudisha kwenye kuni, Thurstan ndiye aliyesimama. Akasema, "Baba, mwache Gervase aende. Huyu hata ukimpa upawa ataukalia kitako aanze kuwaza. Kazi ya watu wawili nitaifanya mimi." Na akaifanya. Mikono yake mnaikumbuka, ilikuwa imepasuka kama gome la mti, na chumvi ilikuwa inaingia humo kila siku ya Mungu.

Nikaenda Winchester, kwenye hazina ya mfalme, nikaketi chini kabisa kwenye meza ile yenye kitambaa cha miraba, ambapo maliwali wa nchi nzima huja kila Pasaka na kila sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli kueleza walichokusanya na walichokula. Kifaransa changu kilinuka moshi, na wakubwa walinicheka. Liwali mmoja, mtu mnene mwenye pete kila kidole, alisema mbele ya wote, "Yaani huyu mpika chumvi ndiye atakayenihesabia mimi?" Nikamjibu, "Ndiye, bwana wangu, maana hesabu ya bwana wangu haina chumvi hata kidogo." Wakacheka, na mfalme akacheka, na tangu siku ile akawa ananitafuta kwa macho. Mkicheza na simba, wanangu, jueni kwamba hata akiwapenda, kucha zake ni zilezile.

Nilipanda. Sitawaeleza ngazi kwa ngazi, pumzi yenyewe ya kuazima. Nikawa mshika funguo za hazina, na mchana mmoja mfalme akiwa mezani, na paja la kulungu mkononi, akasema, "Thornmere hawana askofu. Chukua wewe, Gervase, hujanila sana." Hata upadre sikuwa nao. Nikapewa upadre Jumamosi, nikawa askofu Jumapili, na misa yangu ya kwanza nilisahau maneno katikati, nikasimama mbele ya altare kama mwizi aliyesahau alikoficha mali. Mkuu wa watawa, Sewal, mzee mkavu kama mbao, ndiye aliyeninong'oneza sentensi kwa sentensi mpaka mwisho. Kisha tulipotoka akasema mbele ya watawa wote, bila kuinua sauti, "Tuliomba mchungaji, tumeletewa mtoza ushuru." Nami, kwa kuwa sikuzoea kushindwa kwa maneno, nikamwambia, "Mathayo naye alikuwa mtoza ushuru." Sewal akaniangalia. Akasema, "Ni kweli, baba askofu. Lakini Mathayo aliiacha meza."

Nililibeba neno lile miaka mingi kama kokoto kiatuni. Maana meza sikuiacha. Huku nilikuja kwa Pasaka na kwa kubariki visima, nikirudi Winchester matope yangali kwenye viatu.

Ndipo mfalme mzee akafa bila mwana wa kiume, na jamaa zake wawili wakakigombea kiti. Funguo za hazina zilikuwa kwangu. Nikampa yule aliyepakwa mafuta kwanza, kwa kuwa sheria ndivyo isemavyo, na yule mwingine akaniita msaliti. Nilipoona nchi inaungua pande zote nikajenga ngome hii, nikamwita Thurstan na ninyi watoto wake mje mkae ndani yake, nikidhani nimewaweka mahali salama. Lakini mfitini hana likizo. Wakamwambia yule mfalme niliyempa funguo, "Askofu anamjengea mpinzani wako ngome." Akaniita barazani. Sikufika. Njiani, nikiwa nakunywa supu kwenye nyumba ya wageni, akaingia kapteni wake, Hamelin, akachukua bakuli mkononi mwangu, akainywa supu yote iliyobaki, akasema, "Twende, baba askofu."

Sasa, Warin, njoo ukae. Hapa ndipo unapopajua, na hupajui.

Walinileta chini ya kuta hizi asubuhi ya baridi, kamba shingoni, miguu imefungwa chini ya tumbo la nyumbu. Baba yako alikuwa juu ya ukuta, nawe mtoto wa miaka saba umeshika mkanda wake. Hamelin akapiga kelele, "Fungua, la sivyo huyu anatundikwa kwenye mti ule, na wewe utazame." Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia jinsi wakubwa wanavyosema saa kama ile, nikajitutumua, nikapaza sauti, "Thurstan, usifungue! Nakuamuru kama askofu wako!" Maneno yalitoka vizuri sana. Nilijipenda.

Kisha baba yako akainama juu ya ukuta, na sauti yake ile ya moshi ikashuka, "Askofu wangu nimemsikia. Mdogo wangu je, naye anasemaje?"

Sikuweza kujibu, wanangu. Na Thurstan akaushika ukimya wangu kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto, akashuka ngazi, akafungua.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Walimvua viatu mbele ya watu, wakamwambia mpika chumvi arudi kwao peku, na wewe ukavua vyako ukatembea naye hadi Wich, na askari nyuma yenu wakaimba ule wimbo wa Mfungua Lango, ambao nasikia mpaka leo kuna mlevi hapa mjini akitaka kuvunjwa meno huuanza. Najua umevunja meno mangapi. Najua kwamba tangu siku ile umekuwa ukingoja mtu aje tena mbele ya lango hili aseme "fungua", ili wewe useme "sifungui", na wimbo ufe. Na Mungu, kwa mzaha wake, amekuletea Fulk, mwana wa Hamelin yuleyule.

Nisikilizeni nilivyofanya mimi. Waliponiachia huru nilikwenda Wich moja kwa moja, sikupitia hata kanisani, na moyo umejaa maneno makali kama debe la siki. Nilikuwa nimeambiwa na kila mpumbavu kwamba ndugu yangu ameniaibisha, na nikaanza kuwaamini, kwa maana aliyeokolewa kwa aibu hutafuta wa kumlaumu. Nikafika kibandani. Baba yenu hakugeuka. Akasema, "Mdogo wangu, kama umekuja na maneno, yaweke pale kwenye kuni. Shika upawa huu, chumvi inashika chini." Nikakunja mikono ya kanzu, nikakoroga. Nikakoroga mpaka malengelenge yakatoka, jasho likaniingia machoni, na jioni tukakaa juu ya gogo tukala mkate na jibini, yeye na mimi, kama tulivyokuwa watoto. Akaniuliza, "Haya, ulitaka kusema nini?" Nikamwambia, "Nimesahau." Akasema, "Afadhali. Nami sikuwa na jibu." Na hilo ndilo lililokuwa shauri lote, wanangu. Ugomvi wetu ulizikwa bila jeneza. Siku nyingine nilimuuliza kama aliogopa pale ukutani. Akacheka. "Magoti yalikuwa yanagongana," akasema, "mpaka Warin akadhani namchezea."

Kwa hiyo baba yako aliogopa, mwanangu. Aliogopa, akashuka ngazi, na mtu aliyeogopa ndiye aliyenipa miaka hii yote. Anayemwita mwoga na aje anitazame mimi nilivyozeeka.

Vita vilipokwisha, mfalme mpya alinirudishia ngome, na akakuta hazina imekuwa pango: waliojua kazi wamekufa au wamekimbia, maliwali wanaleta walichopenda. Akaniita nikafundishe. Fulk akaja kwangu akiwa kijana, akasimama uani, akasema, "Mimi ni mwana wa Hamelin. Kama unataka kunifukuza nifukuze sasa, kabla sijashusha mizigo, farasi wangu amechoka." Nikampenda hapo hapo. Wewe, Warin, ulimtemea mate kiatuni. Naye akakifuta kwa nyasi, akaniuliza somo linaanza saa ngapi. Nilimfundisha yote niliyoyajua, kisha nikamwachia kiti changu nikarudi huku moja kwa moja. Nikawa askofu uzeeni, kama mtu anayejifunza kuogelea na mvi kichwani: kuzika watu wa kinamasi, kuwaonya walevi, kukaa na wanaokufa bila kuwauliza wana nini sandukuni. Sewal alikuwa kitandani kwake siku nilipokwenda kumpa habari hiyo. Nikamwambia, "Meza nimeiacha." Akafumbua jicho moja. "Umechelewa," akasema. "Mathayo alitumia siku moja." Lakini alinishika mkono, na hakuuachia mpaka mwisho wake.

Maji, Aldith. Kidogo. Basi.

Sasa agizo, na pumzi inapungua, kwa hiyo sitalirudia. Nikifa na lango limefungwa, ngome hii ni ya mfalme na aliye ndani yake ni mwasi. Warin atatundikwa. Vijana wa mikunga watatundikwa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Najua methali hiyo huipendi, nami ujanani sikuipenda. Lakini nikiitoa ningali hai, kwa mkono wa mrithi wangu, ni zawadi, na kila mtu anatoka na kilicho chake na kichwa juu. Nimekwisha kumtumia Fulk neno kupitia watawa. Jibu lake ni hili hapa, alilitia kinywani mwa mtawa, hakuandika: "Mwambieni mwalimu wangu, kisima cha Wich sitakigusa, ni cha damu yake. Na mwambieni Warin, baba yangu aliwahi kumvua mtu viatu mahali pale, na mimi niliambiwa habari hiyo kama kichekesho mpaka nilipokua nikaielewa. Hakuna atakayevuliwa kitu. Nitakuja mwenyewe, kwa miguu, mpaka katikati ya daraja, bila askari."

Unaona, Warin? Naye amebeba lake.

Fungu la Wich ni lenu wawili. Aldith awe mkubwa wa kazi, ana kichwa kuliko sisi sote, na amekuwa mjane akiendesha nyumba yangu miaka yote hii bila mtu kumshukuru; mimi namshukuru leo. Warin, wewe una mikono ya baba yako, na upanga haukukaa vizuri katika mikono ile. Usiuonee haya moshi. Mkikosana, na mtakosana, shikeni upawa kwanza. Maskini wa mlangoni wapewe mkate mpaka siku ya arobaini yangu. Nizikeni nje ya kanisa, upande wa kinamasi, bila jiwe la kuchonga. Fundi wa mawe wa hapa ni mwizi, nilimlipa kwa malaika akanichongea bundi.

Una neno, Warin. Sema... Nini? Ndiyo. Ndiyo, ningefungua. Kama wewe ndiye ungekuwa na kamba shingoni, ningefungua kabla hajamaliza kusema. Na ndivyo ninavyofanya sasa, kwa maana kamba naiona, wewe huioni.

Lia tu. Hakuna aibu, tuko wenyewe. Njoo, inama. Aldith nawe. Mkono huu mzito... uwekeni vichwani ninyi wenyewe. Mungu aliyeniinua kutoka kwenye moshi awatangulie. Awape riziki ya jasho lenu na usingizi wa watu wasiodaiwa. Watoto wenu wasimchukie mtu wasiyemjua. Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Nenda sasa. Upanga uache kwenye kiti. Funguo hizi hapa, chini ya mto. Hata Fulk asingekosa kuzipata hapo. Mpe mkononi, usimtupie. Na mwambie apande juu ale, meza iwe tayari, mikunga na mkate na ile divai nyekundu, kisha ndipo ahesabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone... ingawa mwenyeji mwenyewe... haya. Nenda.

Aldith. Kaa dirishani. Niambie.

Warin ameshafika uani... ndiyo. Na vijana? Wameweka mikuki chini. Wanakimbilia mama zao? Hao ndio wenye akili.

Daraja limeshuka. Fulk yuko peke yake? Alisema atakuwa peke yake.

Nani ametangulia kusema? Hasemi. Naye hasemi. Basi waache... waache wasiseme. Sisi nasi tulianza hivyo.

Amempa? ... Amempa mkononi?

Wanakuja pamoja.

Basi, mwanangu. Toa mito hii. Nilaze. Taratibu... nilaze.